Rameni ya miso nyumbani: nyama taratibu, miso kwa moto mkali

Wengi wanaojaribu rameni ya miso, yaani tambi za Kijapani kwenye supu, nyumbani huikosea mahali pamoja: wanachukua miso, ile rojo nzito ya soya iliyochachushwa kwa chumvi, wanaikoroga kwenye supu ya moto, wanamwagia tambi. Hapo umepata supu ya miso, ile Wajapani wanayokunywa na wali asubuhi. Ni nzuri, lakini si rameni ya miso. Chakula hiki kilizaliwa mjini Sapporo, kisiwani Hokkaido, katika miaka ya 1950, kwenye mgahawa wa Aji no Sanpei wa Omiya Morito, na kwa desturi ya Sapporo ni chakula cha karai. Miso inakaangwa kwanza.

Lakini tuanze na nyama, maana hiyo hupikwa siku moja kabla. Wajapani wanaiita chashu. Tafuta kilo moja ya nyama ya tumbo la nguruwe isiyo na ngozi, mnofu na mafuta vikiwa vimepishana. Ikunje kama mkeka, mafuta yabaki nje, uifunge kwa uzi wa pamba kila baada ya vidole viwili. Igeuzegeuze kwenye sufuria yenye moto mpaka iwe ya kahawia pande zote. Kisha tia sosi ya soya mililita 200, sake (pombe ya mchele) 200, mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) 100, maji 400, sukari vijiko vikubwa vitatu, vipande vya tangawizi na mabua ya vitunguu majani.

Sasa punguza moto. Unataka kiputo kimoja kimoja kipande juu, si supu inayotokota. Kolajeni, ule mshikizo mgumu ulio kati ya nyuzi za nyama, hulainika na kuwa jelatini polepole, na moto mkali hauharakishi kitu hapo. Unakamua tu maji ya nyama, ikaishia kuwa laini na kavu kwa wakati mmoja. Ipe saa mbili na nusu, ukiigeuza mara kwa mara. Ikiiva usiitoe: iache ipoe humohumo, kisha iingie kwenye friji na maji yake. Nyama ya moto humeguka chini ya kisu. Iliyolala kwenye baridi unaikata vipande vyembamba vilivyo sawasawa, ndipo unavipasha kwenye kikaango kikavu mpaka kingo ziungue kidogo. Mafuta yaliyoganda juu ya sufuria yachote uyaweke, ndiyo utakayokaangia. Mayai yaliyochemka dakika sita na nusu, yakamenywa, yalaze usiku kucha kwenye maji hayo ya nyama.

Supu yenyewe haina siri. Kilo moja ya mifupa ya nguruwe na nusu kilo ya mifupa ya kuku: chemsha dakika kumi, mwaga maji, sugua damu yote, anza upya na maji safi lita nne kwa saa tano. Usitie chumvi hata chembe. Miso inayo ya kutosha.

Kwa bakuli nne nachanganya gramu 120 za miso nyekundu na 40 za nyeupe, kitunguu saumu na tangawizi zilizokunwa, ufuta uliosagwa, na vijiko viwili vya maji ya chashu. Nyekundu imechachuka muda mrefu zaidi, kwa hiyo ina ukali unaostahimili mafuta. Nyeupe peke yake huzama.

Pasha karai mpaka ianze kutoa moshi. Tia yale mafuta, nyama ya kusaga kidogo, vitunguu, na choroko zilizochipua kwa wingi. Baada ya nusu dakika, sukuma kila kitu pembeni, uweke robo ya miso yako kwenye chuma kitupu. Hapa usiondoe macho. Itachemkachemka, rangi itakolea kidogo, na ile harufu ya kuchachuka itageuka kuwa ya karanga zilizokaangwa. Papo hapo mimina supu mililita 350. Ikichemka mara moja, ipua. Ukiendelea kuitokotesha, harufu uliyoihangaikia inapaa na mvuke. Ndiyo maana napika bakuli moja moja, hata kama wageni ni wanne.

Tambi za Sapporo ni nene, za manjano, zenye mawimbi. Unyumbufu wake unatokana na kansui, yaani kaboneti za sodiamu na potasiamu. Ni jamaa wa magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. Ukizikosa, chemsha spageti nyembamba kwenye lita mbili za maji zenye kijiko kikubwa kimoja cha baking soda. Tumia sufuria kubwa, maana maji yatafura. Magadi ya sokoni usiyatie humo. Huwezi kujua usafi wake.

Bakuli liwe la moto. Tambi, supu na mboga zake, chashu, yai, kisha punje za mahindi na kipande cha siagi, mazao mawili ambayo Hokkaido inajulikana nayo. Usiengue mafuta yanayoelea: ndiyo yanayozuia joto lisitoke, na Sapporo Januari ni barafu tupu.

Asiyekula nguruwe atumie kidari cha ng'ombe chenye mafuta, aongeze saa moja. Pombe aiache kabisa, badala yake atie maji na kijiko kimoja zaidi cha sukari. Akaangie mafuta ya kuku. Hatua ya karai inabaki ileile.