Mtoto wa Kilatino hakwami kwa sababu ya Kihispania

Nafanya kazi ya ushauri wa wanafunzi kwenye hai skuli moja ya serikali huku Bonde la Kati la California, katikati ya mashamba ya zabibu na lozi, na wengi wa watoto ninaowahudumia ni Walatino, yaani wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kilatini, ambao wazazi wao wanatoka nyumbani alfajiri giza bado kwenda kuvuna. Kila Oktoba maombi ya vyuo yakianza ndo nakutana na kitu kinachoniuma kuliko vyote kwenye kazi hii. Anakuja mtoto wa mwaka wa mwisho, ana nidhamu, hajawahi kurudia darasa, cheti atapata bila shida, halafu nikifungua transkripti yake, yaani rekodi ya kozi na maksi zake, naona hana sifa ya kuingia moja kwa moja chuo kikuu chochote cha umma humu jimboni.

Inakuwaje? Jimbo linataka Kiingereza miaka 3 na hesabu miaka 2 ili umalize shule. Vyuo vikuu vya umma, UC na Cal State, vinataka Kiingereza miaka 4 na hesabu miaka 3, jumla kozi 15 za mwaka mzima wanazoziita A-G, na kila moja angalau C. Ukipata D shule unamaliza ila kwa chuo kikuu ni kama kozi hiyo hukuisoma. Mzazi aliyeishia darasa la sita Michoacán, Mexico, atalijuaje hilo kama hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kwa lugha anayoielewa?

Sasa hapo ndo lugha inapoingia, na naomba mnisome taratibu maana watu wengi wanapakosea. Mtoto ambaye nyumbani wanaongea Kihispania anapimwa Kiingereza siku za mwanzo shuleni, asipofikia kiwango anaandikwa kuwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza na kila mwaka anafanya mtihani wa ELPAC mpaka atoke kwenye orodha. Asipotoka, akifika hai skuli anapangiwa kipindi cha ziada cha Kiingereza, na ratiba kwenye shule nyingi ina vipindi sita tu, kwa hiyo hicho kipindi lazima kile nafasi ya kitu kingine, mara kemia, mara sanaa, mara Aljebra 2. Na UC inakubali mwaka mmoja tu wa hicho Kiingereza cha wanaojifunza, mingine haihesabiki. Niliwahi kukaa na binti mmoja aliyekuwa nayo mitatu. Kazaliwa hapahapa California, anaongea Kiingereza kama mtangazaji wa redio, kilichomkwamisha miaka yote ni sehemu ya kuandika.

Watu husema basi tuwafundishe Kiingereza tupu toka siku ya kwanza. Imeshajaribiwa jamani. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 227, mtoto awekwe kwenye Kiingereza na kwa kawaida msaada wa lugha usizidi mwaka mmoja, na ikakaa hivyo mpaka 2016 walipoifuta kwa Pendekezo 58 kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura. Mwaka mmoja hautoshi. Jim Cummins wa Kanada alionyesha zamani sana kwamba Kiingereza cha uwanjani mtoto anakipata ndani ya miaka kama miwili, lakini kile cha kusoma kitabu cha historia na kujenga hoja kinachukua mitano mpaka saba.

Mimi hili sikulijua kwanza vitabuni. Nimesoma shule ya msingi Morogoro kwa Kiswahili, nikaingia fomu wani kila kitu Kiingereza, tukawa tunakariri notisi za baiolojia bila kuelewa. Ila usanisinuru nilikuwa nimeshauelewa kwa Kiswahili, jani, jua, maji, kwa hiyo kilichobaki ilikuwa kujua Waingereza wanauitaje. Zile mada nilizokutana nazo mara ya kwanza kwa Kiingereza ndo zilinitesa mpaka fomu foo. Ukishaelewa kitu kwa lugha moja hukisomi upya kwa nyingine, unahamisha tu.

Ndo maana natetea shule za lugha mbili. Siyo kitu kipya, Coral Way ya Miami ilianza 1963, watoto wa Wakuba na wa Wamarekani pamoja, nusu siku Kihispania nusu siku Kiingereza. Huku California shule nyingi za aina hii zinaanza chekechea kwa Kihispania asilimia 90, Kiingereza kinaongezwa kila mwaka mpaka nusu kwa nusu, na Kihispania hakikatwi. Watafiti Wayne Thomas na Virginia Collier walifuatilia rekodi za wanafunzi wengi mno wakaona kwamba hawa wa lugha mbili miaka ya mwanzo wanaonekana wako nyuma kwenye mitihani ya Kiingereza, halafu madarasa ya juu wanawafikia wenzao. Nawasihi wazazi kila mwaka, msimtoe mtoto darasa la pili kwa sababu ya maksi za Kiingereza, huo ndo wakati mbaya kuliko wote wa kumtoa.

Na akifika hai skuli asiwekwe Kihispania cha wanaoanza, kujifunza kusalimia wakati anamtafsiria bibi yake kwa daktari. Apelekwe darasa la Kihispania la waliokulia kwenye lugha hiyo, kisha AP ya Kihispania, yaani kozi ya kiwango cha chuo yenye mtihani wa alama 1 mpaka 5, akipata 3 au zaidi sharti la lugha la A-G limeisha, vyuo vingi vinampa krediti, na mlango wa Muhuri wa Lugha Mbili, alama ya kwenye cheti kwamba mtoto anamudu Kiingereza na lugha nyingine, ambao California iliupitishia sheria 2011, unafunguka.

Wakongo na Waswahili wenzangu mlioko huku, muhuri huo haubagui lugha, na Kiswahili kimo. Mtoto akiwa darasa la tisa muulizeni mshauri wake mambo matatu: yuko kwenye ile orodha ya wanaojifunza Kiingereza bado au ametoka, kozi zake za mwaka huu ngapi ni za A-G, na mtihani wa Kiswahili wa huo muhuri atafanyia wapi. Msisubiri Oktoba ya mwaka wa mwisho.