Injini ikizima ukipaa, usigeuze kurudi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi

Nimesikia tena wiki hii, na kutoka kwa mtu mwenye leseni: "injini ikizima nikipaa nageuza tu narudi, si runwei iko hapo nyuma." Iko hapo nyuma ndio, lakini huifikii, na hii imani inaua watu ambao wangeweza kutoka wakitembea kwenye ndege iliyovunjika.

Hebu piga hesabu. Uko futi 400 juu ya ardhi, pua iko juu, injini inakata. Sekunde tatu nne zinaenda kabla hata hujaamini na muda wote huo spidi inashuka. Halafu kugeuka si nyuzi 180 kama mnavyodhani, ukimaliza hizo uko kando ya runwei, kwa hivyo unapita 200 kisha unarudisha ndio ulingane nayo. Ukilaza bawa nyuzi 45 spidi ya kustoli, yaani ile ambayo chini yake bawa haliwezi tena kubeba ndege, inapanda karibu asilimia 19, ukilaza 60 inapanda 41, na wewe unaona ardhi inakuja, unaogopa, unavuta usukani, bawa moja linastoli kabla ya lingine, ndege inajipinda kuelekea chini na urefu wa kuiokoa huna. Kama ulipaa ukikabili upepo sasa unakusukuma kutoka nyuma. Na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, ulikuwa unapanda polepole tangu mwanzo na duara lako la kugeuka ni kubwa kuliko la mwenzako anayepaa Mombasa!

Shusha pua, kwanza, kabla ya redio, kabla ya chochote. Kwa Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, shika spidi ya noti 65 hivi (maili za baharini kwa saa), chagua mahali mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo, tua hapo. Kusini tuna Nairobi National Park na mimi naishukuru sana ile mbuga, kwa sababu ukigonga vichaka kwa spidi ya kutua mabawa yakiwa sawa una nafasi nzuri ya kupona. Wanafunzi wangu lazima waseme kwa sauti kabla ya kupaa: chini ya futi 1,000 sirudi nyuma. Kila safari, hata kama wanaona aibu mbele ya abiria.

Abiria nao husema injini ikizima ndege inaanguka kama jiwe. Hapana, 172 bila injini inateleza mbele karibu kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000 inazoshuka kama hakuna upepo. Betri ikifa injini pia inazima? Hapana, magneto, vile vifaa vya kuwasha mafuta vinavyozungushwa na injini, zinajitengenezea cheche zenyewe bila betri.

Injini mbili ndio usalama? Piper Seminole, ndege ndogo ya injini mbili, ikibaki na injini moja haiwezi kupanda vya maana kupita futi 3,800 juu ya bahari, sasa linganisha na Wilson.

Na hii ya kwamba Nairobi hakuna barafu jamani. Karabureta, pale injini inapochanganya hewa na mafuta, inashika barafu hata kukiwa na nyuzi 20 za joto kama hewa ina unyevu, na asubuhi za Julai mnazijua. Vuta joto la karabureta (kishikio kinachopeleka hewa moto ndani yake) mapema kabla hujapunguza nguvu kushuka, na injini ikitetemeka zaidi ukishavuta usirudishe, hiyo ni barafu inayeyuka inapita ndani, iache imalize.