Makaburi ya mawe ya Painswick: yanayosemwa na yaliyo kweli

Painswick ni mji mdogo wa Gloucestershire, Uingereza. Uwanja wa kanisa lake la St Mary umejaa makaburi yaliyochongwa kwa ustadi katika karne ya 17 na 18, na kila msimu watalii huondoka hapo na hadithi zisizo za kweli.

Dhana: Maiti amelala ndani ya lile sanduku la jiwe lililo juu ya kaburi.
Hayumo. Amezikwa chini, udongoni au katika chumba kilichojengewa. Sanduku ni kumbukumbu tu: vibao vya mawe vimesimamishwa pande nne, juu pakawekwa bamba zito. Mara nyingi vibao hivyo vimebanwa kwa vyuma, na hapo ndipo balaa huanzia. Maji yakipenya, chuma hushika kutu, kutu huvimba, kona ya jiwe hupasuka na kuondoka na uso wa malaika aliyechongwa hapo. Kwa hiyo ufa kwenye kona si dalili ya wezi wa makaburi.

Dhana: Ni makaburi ya mabwana wakubwa.
Wakubwa wa enzi hizo mara nyingi walizikwa ndani ya kanisa. Huku nje wamelala matajiri wa nguo za sufu, watu waliochuma kwa vinu vilivyoendeshwa na maji ya kijito cha bondeni. Jiwe la chokaa lilitoka kilima cha jirani. Likitoka machimboni huwa laini, hupokea patasi vizuri, kisha hukakamaa hewani. Mafundi nao wamo. John Bryan, mchongaji aliyefariki 1787, yuko chini ya piramidi ya jiwe, na kwangu hilo ndilo kaburi la kuanza nalo.

Dhana: Fuvu lililochongwa ni alama ya maharamia au uchawi.
Ni mawaidha ya Kikristo: utakufa, jiandae. Ndiyo maana mara nyingi huambatana na shisha ya mchanga ya kupimia saa.

Dhana: Miti ya yuu (yew, mti wa kijani mwaka mzima) katika uwanja huu ni 99, na wa mia shetani huuua.
Imehesabiwa, inazidi 99.

Dhana: Kulisugua kaburi ni kuliheshimu.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Tindikali ya kusafishia hula jiwe la chokaa, na brashi ya waya hufuta kwa asubuhi moja maandishi yaliyostahimili mvua ya miaka 250. Yale madoa ya kijivu na manjano ni viumbe hai vinavyokua polepole mno, viacheni. Kaburi likilegea, mwambieni kasisi, kwa sababu ukarabati wake huhitaji kibali cha dayosisi.