Je, wajua kwa nini Fiat Uno ya zamani ilikoma kuundwa ilhali bado ilikuwa na wanunuzi?

Mwishoni mwa mwaka 2013, kiwanda cha Fiat cha Betim, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, kilifunga ukurasa wa Uno Mille, gari dogo lenye umbo la kisanduku lililobuniwa na Giorgetto Giugiaro na kuzinduliwa Ulaya mwaka 1983. Wengi hudhani kwamba gari hilo lilizeeka, wanunuzi wakalichoka, na kiwanda kikafuata soko. Dhana hiyo ina mantiki, lakini haiendani na mambo yalivyokuwa.

Ulaya ilikuwa imeshampata mrithi wa Uno, yaani Punto, tangu mwaka 1993. Brazil ilishika njia yake: mwaka 1990 ilizaliwa Mille, yenye injini ya sentimita za ujazo 994, ili kunufaika na nafuu ya kodi iliyotolewa kwa magari yenye injini ndogo. Mwaka 2010 Betim ilianza kuunda Uno mpya kabisa, na bado ile ya zamani ikaendelea kutoka kiwandani sambamba nayo, tairi lake la akiba likiwa limelazwa chini ya boneti, ubavuni mwa injini, kama miaka yote. Laiti tatizo lingekuwa uzee, huo ndio ungekuwa wakati wa kuizika. Uzee wenyewe ulikuwa mtaji, kwa kuwa gharama ya kalibu za kufinyangia mabati ya bodi ilikuwa imekwisha kurudi zamani, na gari liliweza kuuzwa kwa bei ambayo muundo mpya ungeshindwa kuifikia.

Kilichoisimamisha ni kanuni. Brazil iliamua mwaka 2009 kwamba magari mapya yafungwe mifuko ya hewa miwili ya mbele pamoja na breki za ABS, yaani zinazozuia magurudumu yasijifunge, kwa awamu, hadi sharti hilo liyaguse yote mwaka 2014. Hapo huzuka swali la haki kabisa: mfuko wa hewa ni kifaa tu, kwa nini usichomekwe kwenye usukani, kazi ikaendelea?

Ugumu uko kwenye muda. Mfuko hujaa ndani ya takriban sehemu 30 za elfu za sekunde, na lazima uwe tayari kabla kichwa cha dereva hakijaufikia. Mtambo unaoufyatua uko katika hali ya golikipa anayengoja penalti: akiruka mapema amedanganywa, akichelewa mpira umeshapita, kwa hiyo husoma mwili wa mpigaji kabla mguu haujagusa mpira. Kwa gari, mwili huo ni pua yake inavyojikunja. Kila bodi hujikunja kwa namna yake, na mtambo hauna budi kufundishwa kutofautisha shimo la barabarani na ukuta, somo linalotolewa kwa kubamiza magari halisi, moja baada ya jingine. Zaidi ya hapo, dashibodi hufumuliwa ili abiria wa mbele naye apate mfuko wake, na nguzo ya usukani huhitaji kutulia mahali pake wakati wa ajali, la sivyo mfuko hufunguka ukielekea pasipo na mtu.

Haimaanishi kwamba kazi hiyo ilikuwa muhali, maana wahandisi wamekwisha kufanya makubwa kuliko hayo. Ila ingekula ile nafuu ya bei iliyoifanya Mille iwe na sababu ya kuwapo.

Kanuni hiyohiyo ilimaliza pia uundaji wa Volkswagen Kombi nchini humo. Desemba 2013, wiki chache tu kabla ya tarehe ya mwisho, serikali ilifikiria hadharani kuahirisha sharti hilo kwa kuhofia ajira na bei, kisha ikaghairi. Fiat nayo ilitoa toleo la kuagana la Mille, magari 2,000.