Wasifukazi wa Mtu Anayehama Taaluma

Karani anayechambua maombi ya kazi huanzia sehemu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Akikuta hapo "Mwalimu, 2014–2023", na nafasi iliyotangazwa ni ya karani wa ghala kule Industrial Area, Nairobi, hataketi kukisia kama mwalimu huyo aliwahi kushika stoo. Atafungua ombi linalofuata. Anayehama taaluma lazima amwonyeshe mwajiri uhusiano huo mwenyewe, tena mapema.

Anza na tangazo lenyewe. Lichapishe, upigie mstari kila kitenzi: kupokea, kuhesabu, kukagua, kuripoti. Zungushia duara kila chombo na kila cheti kinachotajwa. Kisha kando ya kila kitenzi andika ni wapi uliifanya kazi hiyo, hata kama ilikuwa kanisani au kwenye chama. Vitenzi vingi vikibaki wazi, tatizo si CV. Hapo kozi fupi au miezi kadhaa ya kujitolea itakufaa kuliko kubadilisha fonti.

Mwalimu wetu aliandika hivi: "Nilisimamia vitabu vya shule." Sentensi hiyo haimwambii mtu wa ghala lolote. Sasa soma hii: "Nilipokea, kuhesabu na kugawa vitabu 1,800 kwa madarasa 12 kila muhula, nilitunza daftari la stoo na kumwandikia mwalimu mkuu ripoti ya upungufu." Kazi ni ile ile, lakini sasa kuna mzigo unaoingia, mzigo unaotoka, rekodi na hesabu ya mwisho, na hiyo ndiyo siku nzima ya karani wa ghala. Tumia tu tarakimu unazoweza kuzitetea, kwa sababu swali la kwanza kwenye mahojiano huwa "ulihesabuje?" (Matangazo mengi Nairobi huwa kwa Kiingereza, nawe jibu kwa lugha ya tangazo.)

Usijibandike cheo kipya. Mwalimu aliyeshika stoo hakuwa "meneja wa ugavi". Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa muda usiofika wiki 4 mfululizo. Cheti hicho hutaja aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Si lazima kikusifu, lakini kinatosha kukuumbua.

Kwa sababu hiyo pia, jihadhari na ule mtindo wa kupanga ujuzi peke yake na kuficha miaka. Waajiri wanaujua, na huushuku. Mpangilio unaofaa ni huu: jina, simu na baruapepe, muhtasari wa mistari 3 au 4 unaotaja kazi unayoitaka, ujuzi 4 hadi 6 uliotoka kwenye vile vitenzi, kila mmoja na ushahidi wake, kisha kazi zote na tarehe zake, ukianza na ya karibuni, halafu masomo. Kurasa 2 zinatosha. Pengo la mwaka mmoja ukilea mtoto au ukiuguza mzazi, litaje kwa mstari mmoja. Likinyamaziwa, msomaji atalijaza mwenyewe.

Kama ujuzi mpya ni wa mikono na huna karatasi yake, mfano umeme au uchomeleaji, fanya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Gredi iliyoandikwa ina uzito kuliko "nina uzoefu mkubwa".

Ondoa dini, hali ya ndoa, nambari ya kitambulisho na alama za shule ya msingi. Nambari ya kitambulisho ikizagaa kwenye baruapepe za watu usiowajua huwafaa matapeli tu. Wadhamini wawe 3, na angalau mmoja awe amekuona ukifanya kazi ya aina mpya, hata kama ni mkufunzi wa kozi. Wote wakitoka taaluma ya zamani, watakusifu kwa mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Wapigie kabla ya kutuma.

Mwisho ni faili lenyewe. Saiba nyingi, zile ofisi za kompyuta na intaneti za kulipia, zina kiolezo kimoja chenye majedwali, safu mbili na picha, na hapo ndipo maombi mengi mazuri hupotelea. Programu za kuchuja maombi husoma maandishi. Majedwali huzichanganya, na karatasi iliyoskaniwa mara nyingi kwazo ni picha tupu. Tumia safu moja, uhifadhi kama PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia. Kisha ifungue kwenye simu, nakili maandishi yote, uyabandike kwenye ujumbe wa WhatsApp unaojitumia mwenyewe. Miaka ikiruka mbali na kazi zake, au pasinakiliwe chochote, rudi kwenye saiba kabla hujatuma popote.