Mpira Kugusa Mguu Si Kosa, Jamani

Mimi ni refa wa hoki, na kila Kombe la Afrika la wanaume likichezwa, simu yangu hujaa vipande vya video. Mpira umemgusa mlinzi kiatuni, refa kanyamaza, na chini yake mtu kaandika: "Mwaona walivyonunuliwa hawa?" Safari hii kanitumia mtu aliyecheza magongo hapa Mombasa tangu utotoni. Basi nimechoka, wallahi.

Hakuna kanuni isemayo kwamba mpira ukigusa mguu ni kosa. Kanuni inamkataza mchezaji kuusimamisha au kuusukuma mpira kwa mwili, kisha inaongeza sentensi ambayo hamuisomi: si kosa kila mara. Ni kosa akipata faida, au akiuweka mwili pale makusudi. Kipa ana ruhusa yake ndani ya D, lile eneo la nusu duara mbele ya goli, hilo mnalijua.

Neno lenyewe ni faida. Tuseme Misri wanawashambulia Kenya. Mpira unamgonga mlinzi wetu kiatuni ndani ya D, unadondokea gongo la Mmisri anayelitazama goli tupu. Nipulize? Nikipuliza nimewanyima Misri bao nikawapa kona fupi, yaani mpigo wa adhabu unaoanzia mstari wa goli. Kwa hiyo nasubiri kidogo, filimbi iko mdomoni. Jukwaa lote "Mguu! Mguu!", na kipa wetu kasimama kanyoosha mkono akidai faulo iliyofanywa na timu yake mwenyewe! Bao likiingia, ati refa kachelewa.

Mpira huohuo ukigonga kiatu hichohicho ukafia hapo, ni kona fupi. Ukigonga mguu wa mlinzi kwenye mstari wakati ulikuwa unaingia golini, ni penalti, mita 6.40, hata kama hakukusudia. Na ukiwa umemgusa mshambuliaji ukaenda kwa mlinzi aliye huru, mchezo uendelee, nipulizie nini?

Wazee mnaosema zamani kila mguu ulipulizwa, msinitajie 1971. Ndiyo, Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia kule Barcelona, na heshima yao ipo. Lakini enzi hizo kulikuwa na otea pia, na otea iliondolewa miaka ya 1990. Kanuni hubadilika.

Sasa kona fupi, ambayo ndiyo hunichosha kuliko yote. Walinzi watano, kipa akiwemo, wanatoka nyuma ya mstari wa goli mbio. Shuti la kwanza likimkuta mlinzi aliye ndani ya mita tano kutoka linapopigwa, likamgonga chini ya goti, ni kona nyingine. Likimgonga gotini au juu yake, naye kasimama kawaida, shuti ni la hatari na mpigo unakuwa wa walinzi. Hapo sitafuti faida ya mtu, natafuta goti. Na hapo ndipo jukwaa hugeuka: mlinzi anagaagaa, kashika muundi, nami naonyesha kona tena. "Mtu kaumia na bado wawapa kona? Huna huruma?" Sina. Kanuni haikuniuliza kuhusu huruma.

Tatizo ni kwamba goti la mtu anayekimbia huwa limekunjwa, limeinuka, na mpira wa kuburuta, unaovutwa kwa gongo kisha kurushwa golini, unapita kama risasi. Mashindano makubwa yana video. Sisi wengine tuna refa wawili na macho manne. Mara nyingi sina hakika. Napuliza kwa nguvu, naonyesha kwa mkono ulionyooka, na mwenzangu akinitazama najua naye hakuona.

Tena kitabu cha kanuni hakitofautishi zulia, yaani nyasi bandia, na nyasi za kawaida. Mimi natofautisha. Kwenye nyasi mpira unadunda ovyo, unamrukia mtu mguuni bila yeye kujua, nami huachilia mengi ambayo kwenye zulia ningepuliza. Kuna refa ninaowaheshimu wanaosema nakosea.

Afrika Kusini walitwaa Kombe la Afrika kila lilipochezwa kuanzia 1993 hadi 2022, likiwemo la Nairobi 2013, na kuna wanaoamini ni refa tu aliyewapa. Timu inayoijua kazi yake huutafuta mguu wa mlinzi ndani ya D, inapata kona, halafu ina mtu wa kuiburuta ikaingia. Sisi tunaipata kona hiyohiyo, tunaipiga nje, kisha tunamrudia refa.