Je, wajua? Anayepanga kudhuru wenzake chuoni mara nyingi kuna mtu anajua kabla

Wengi tunadhani mtu anayevamia chuo au shule kalipuka tu ghafla, jana alikuwa mzima leo kabadilika. Mwaka 2002 Secret Service ya Marekani, hao hao wanaomlinda rais, walitoa ripoti pamoja na Wizara ya Elimu ya huko baada ya kuchambua mashambulizi 37 ya mashuleni ya kati ya 1974 na 2000, wakakuta kwenye asilimia 81 ya matukio kuna angalau mtu mmoja aliyekuwa anajua kuwa mshambuliaji anawaza au anapanga kitu, na mara nyingi ni rafiki, mwanafunzi mwenzie au ndugu yake wa damu.

Sasa kama watu wanajua, mbona hawasemi?

Kwanza kila mtu anakuwa na kipande chake tu cha habari. Chuo cha Virginia Tech, huko huko Marekani, kilishambuliwa Aprili 16, 2007, na mwanafunzi wa pale pale akaua watu 32. Rudi nyuma hadi 2005 uone: mwalimu wa ushairi alishamtoa darasani kwake maana wanafunzi walikuwa wanamuogopa mpaka wengine wakaacha kuja, wasichana wakampeleka kwa polisi wa chuo kwamba anawasumbua, na wenzake wa chumbani nao walikuwa na yao waliyoyaona. Kamati iliyochunguza baadaye ikakuta hakuna aliyeviunganisha vipande hivyo, na kuna maofisa walioamini sheria ya faragha inawakataza kuambiana kumbe wameielewa vibaya. Inauma sana kusoma. Mwaka 2008 jimbo la Virginia likaweka sheria kila chuo cha umma kiwe na timu ya kupima vitisho, yaani watu wa kupokea vipande vyote mezani pamoja.

Pili ni woga wa kuonekana mchongezi. Fikiria uko chumbani, mwenzio anafunga begi, anakwambia "Jumatatu usije darasani, we niamini tu," halafu anacheka. Na wewe unacheka. Usiku unaikumbuka ile sauti, unajiambia alikuwa anatania, nikisema nitamharibia masomo. Hapo ndipo wengi wanakwama, na mimi siwalaumu, ila jamani kauli iliyobeba siku na mahali haichukuliwi kama utani hata kidogo.

Dalili nyingine za kuangalia ni kumtaja mtu fulani kwamba "atanitambua", kuwasifia washambuliaji wa zamani kama mashujaa, kuhangaika kupata silaha ghafla, au kuanza kugawa vitu vyake anavyovipenda (hii inaweza pia kuwa dalili kwamba anataka kujidhuru mwenyewe, kwa hiyo bado sema). Halafu kuna hii ya mapenzi ambayo watu wanaipuuza sana: kaachwa, basi kila jioni anamsubiri yule dada nje ya hosteli, anampigia simu usiku kucha, anajua kavaa nini na kakaa na nani. Watu wanasema eti anampenda sana. Hapana, anamwinda, na huyo dada yuko hatarini.

Ila ukimya peke yake si dalili, wala mavazi, dini au kutibiwa msongo wa mawazo. Ripoti ile ya 2002 ilisema wazi kwamba mshambuliaji hana sura moja. Angalia maneno na vitendo, na hasa mabadiliko.

Ukienda kuripoti, kwa usalama wa chuo, mshauri wa wanafunzi au mhadhiri unayemwamini, usiseme tu "jamaa ananitisha". Sema Jumanne saa mbili usiku tukiwa chumbani alisema hivi, kwa maneno yake mwenyewe, fulani naye alisikia, na meseji ninayo sijaifuta. Usiende kumpeleleza wala kumkabili peke yako, na usiirushe kwenye grupu la WhatsApp maana itamfikia yeye kabla haijafika ofisini. Kama umeona silaha au kataja ni leo, achana na barua pepe, ondoka hapo upige simu polisi. Na usipojibiwa usidhani wamekupuuza, mara nyingi hawaruhusiwi kukwambia wamefanya nini, kwa hiyo ukiona kitu kingine wiki ijayo rudi tena useme na hicho.